Amelia Earhart: mwanamuke aliyetaka kuzunguka dunia, na waya iliyobaki Miami

Wandugu wachimbaji wa Masisi na Walikale, pamoja na mama, baba na watoto munaowangojea nyumbani, leo tunawaletea maisha ya mutu aliyekufa zamani, mbali sana na milima yetu. Anaitwa Amelia Earhart. Alikuwa piloti wa Marekani, na jina lake linajulikana mupaka leo kila mahali watu wanaposoma habari za ndege. Wengi wanamujua kwa sababu moja tu: alipotea. Sisi tunataka kueleza namna alivyoishi, na namna alivyopotea, sababu ndani yake muko jambo linalotuhusu sisi watu wa shimo.

Kwetu Walikale tunazijua ndege. Wale waliokuwa Bisie katika ile miaka ya moto ya kasiterite wanakumbuka Kilambo: ndege ndogo zinashuka juu ya barabara, magunia yanapakiwa, ndege inapanda tena kuelekea Goma. Kila mutu aliangalia mabawa, aliangalia mota, alisikiliza ngurumo. Lakini juu ya mugongo wa ndege, na chini ya tumbo lake, kuko waya nyembamba ambazo mutu hazioni haraka. Zile ndizo antene. Bila zile waya, piloti ni kama mutu aliyefungwa mudomo na masikio. Historia ya Amelia, kwa sehemu kubwa, ni historia ya zile waya.

Amelia alizaliwa tarehe 24 mwezi wa 7 mwaka 1897 katika muji wa Atchison, jimbo la Kansas. Baba yake alikuwa mutu wa sheria aliyefanya kazi na kompanyi za reli, lakini pombe ilimushinda, na jamaa ikahama-hama. Mutoto alikua akijua kwamba mushahara unaweza kukatika kesho. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia alikwenda Toronto, Kanada, akasaidia wauguzi katika hospitali ya maaskari waliojeruhiwa.

Mwisho wa mwaka 1920, kule California, alipanda ndege mara ya kwanza kama abiria. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Alipogusa tena udongo, alikuwa amekwisha kujua kazi anayoitaka. Mwaka 1921 alianza kujifunza na mwanamuke mwenzake, Neta Snook, aliyekuwa piloti tayari. Pesa za masomo hazikutoka mbinguni. Amelia alifanya kazi ya kupiga picha, akaendesha kamio, akafanya kazi katika kompanyi ya simu. Akanunua ndege ndogo ya rangi ya njano, na mwaka 1922 alipanda nayo mupaka zaidi ya meta 4 200, juu kuliko mwanamuke yeyote kabla yake. Tukitaka kupima, kilele cha Nyiragongo kiko karibu meta 3 470.

Lakini kuruka hakukulisha. Baadaye aliuza ndege, akahamia Boston, akawa mufanyakazi katika nyumba iliyosaidia jamaa za wageni maskini. Ni pale walipomutafuta mwaka 1928. Kulikuwa na safari ya kuvuka bahari ya Atlantiki, na wenye safari walitaka mwanamuke wa kwanza aonekane ndani ya ndege. Tarehe 17 mwezi wa 6 waliruka kutoka Newfoundland, na kesho yake wakashuka Burry Port, katika Wales. Wilmer Stultz ndiye aliyeendesha, Louis Gordon aliangalia mota. Amelia hakugusa usukani. Magazeti yakamupatia yeye sifa yote, na yeye akakataa uongo ule: alieleza wazi kwamba alibebwa tu kama gunia ya viazi. Tunamupenda juu ya neno hilo. Kuna wakubwa wengi wanaopokea sifa ya tone walizobeba wengine, na hawasemi kitu.

Mwaka 1929 mapiloti wanawake wa Marekani walifanya kitu ambacho mutu wa sendika anakielewa bila mwalimu. Walikuwa wachache, kazi waliwanyima, na katika mashindano waliwacheka. Waliandikiana barua, wakakutana, wakaunda chama. Kati ya wanawake 117 waliokuwa na ruhusa ya kuruka, 99 waliitika, na chama kikachukua jina la hesabu ile: Ninety-Nines, ni kusema Tisini na Tisa. Amelia alikuwa prezida wao wa kwanza. Chama kile kiko mupaka leo.

Tarehe 20 mwezi wa 5 mwaka 1932 alivuka Atlantiki tena, safari hii peke yake. Usiku kipimo cha kimo kikaharibika, barafu ikashika mabawa, na bomba la moshi la mota likapasuka likatoa moto. Baada ya saa karibu 15 alishuka katika shamba la ngombe huko Culmore, Ireland ya Kaskazini. Mbele yake ni mutu mumoja tu, Charles Lindbergh, aliyekuwa amevuka Atlantiki ya kaskazini peke yake. Mwezi wa 1 wa mwaka 1935 akatoka visiwa vya Hawaii mupaka California, peke yake tena. Mara ile alikuwa na redio ya kusema na kusikia, na usiku kucha juu ya bahari hakukatika kabisa na watu wa inchi kavu. Redio ilimufaa siku ile. Tuliweke neno hilo kando, tutalirudilia.

Kisha ikaja ndoto kubwa: kuzunguka dunia yote kwa kufuata njia ndefu zaidi, karibu na ikweta. Chuo kikuu cha Purdue, alipokuwa akiwashauri wasichana juu ya kazi, kilisaidia kupata pesa za ndege mupya, Lockheed Electra ya mota mbili. Mwezi wa 3 wa mwaka 1937 alijaribu kwenda upande wa magharibi. Alifika Hawaii salama, lakini alipotaka kuondoka pale, ndege ikamushinda kwenye uwanja ikavunjika. Pamoja naye kulikuwa na Harry Manning, kapiteni wa meli aliyejua sana redio na alama za Morse, na Fred Noonan, mujuzi wa kuonyesha njia kwa nyota na jua. Ndege ilipopelekwa kutengenezwa, Manning alirudi kwenye kazi yake. Akabaki Noonan. Ndiyo kusema, yule aliyejua redio aliondoka, redio ikabaki.

Sasa tueleze antene, sababu bila hiyo mambo ya mbele hayataeleweka. Wale wanaotumia foni ya kijiji wanajua: mashini iko ndani ya nyumba, betri iko chini, na waya inafungwa juu kati ya miti miwili. Waya ikianguka, foni inawaka taa kama kawaida, lakini hakuna anayekusikia. Urefu wa ile waya haukuchaguliwa ovyo. Kila frekansi iko na wimbi lake, na kila wimbi liko na urefu wake. Wimbi la kilohezi 500 liko na urefu wa meta 600. La kilohezi 3 105 liko na karibu meta 97, na la 6 210 karibu meta 48. Waya inatoa sauti vizuri ikikaribia robo ya wimbi ao zaidi. Robo ya meta 600 ni meta 150, na hakuna ndege yenye mugongo murefu hivyo. Kwa hiyo ndege za wakati ule zilikuwa na waya ndefu iliyokunjwa ndani. Piloti akiwa juu, anaiachilia inaning'inia nyuma kama mukia.

Electra ilikuwa na mukia huo, karibu meta 75. Ulisumbua: ulikuwa na uzito, na ilibidi kuushusha na kuukunja tena kila safari. Kabla ya kuondoka Miami, tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka 1937, mukia ule uliondolewa. Kifaa cha kupigia Morse nacho hakikwenda, sababu Amelia na Noonan hawakukizoea. Ikabaki waya fupi juu ya mugongo, waya ingine chini ya tumbo, na antene ya duara juu ya kichwa cha piloti, ya kutafutia upande sauti inakotoka. Kilohezi 500, ambayo meli zote za bahari zilikuwa zikisikiliza, ikawa karibu imekufa ndani ya ile ndege.

Wachimbaji, kitu gani kinaondolewa kwanza kwenye shimo tukitaka kwenda mbio? Si nyundo, si gunia. Ni miti ya kushikilia, ni kamba ya pili, ni pompi ya hewa ya akiba. Kitu kisicholeta kilo ndicho kinachoonekana muzigo.

Mwanzoni safari ilikwenda vizuri. Walivuka kutoka Brazil mupaka Senegal. Walitaka kufika Dakar. Wakafika Saint-Louis, kaskazini zaidi. Halafu wakakata Afrika yetu yote kutoka magharibi mupaka mashariki: Gao, Fort-Lamy ambayo leo ni N'Djamena, El Fasher, Khartoum, Massawa na Assab kwenye bahari Nyekundu. Kutoka pale wakavuka mupaka Karachi, wakapita India, Burma, Singapore, Java, wakafika Darwin katika Australia. Kwa zaidi ya kilometa 30 000, kukosa njia kidogo hakukuua mutu, sababu chini kulikuwa na inchi kavu kubwa. Ukiikosa Dakar, utaipata Saint-Louis. Antene zile hazikuwa zimeulizwa swali gumu hata siku moja.

Tarehe 29 mwezi wa 6 walifika Lae, katika kisiwa cha Guinea Mupya. Muji ule ungefahamika haraka kwa mutu wa Walikale. Ulikuwa muji wa zahabu. Zahabu yenyewe ilikuwa ndani ya milima, Wau na Bulolo, na barabara hakuna. Kompanyi ya Guinea Airways ilibeba kila kitu kwa ndege: chakula, watu, na hata mashini kubwa za kuchota zahabu mutoni, zilizokatwa vipande na kuunganishwa tena kule juu. Pale Lae kulikuwa na mutu wa redio aliyezoea kazi hiyo, Harry Balfour, aliyesema na ndege za mugodi kila siku.

Tarehe 1 mwezi wa 7 Amelia aliruka dakika chache ili kupima redio. Namna ya kupima antene ya ndege inajulikana. Kwanza chini: kuangalia waya, vifungo na kila mahali palipounganishwa kwa bati, ile ile inayotoka katika muchanga mweusi wetu ukiyeyushwa. Halafu juu: ndege inakwenda mbali, mahali panapojulikana, inageuza kichwa upande huu na ule, na mutu wa chini anaandika kila mara sauti ilikuwa na nguvu gani, sababu mwili wa chuma unaweza kuficha antene upande mumoja. Tena inapimwa kwenye kila frekansi itakayotumika, si moja tu. Ile antene ya duara inapimwa kwa kuizungusha: inapotazama upande fulani, sauti inazama karibu kupotea, na kule sauti inapozama ndiko unajua njia ya kituo. Mutu mwenye redio ndogo ya mawimbi ya kati anaweza kuliona jambo hili, akiigeuza polepole mukononi.

Siku ile pale Lae, sauti haikuzama. Amelia alizungusha antene, na kituo kikasikika sawasawa pande zote. Alifikiri ni sababu ndege ilikuwa karibu sana na kituo, na nguvu ya sauti inaficha ile alama. Inawezekana. Lakini haikupimwa tena kwa mbali. Kipimo kilikataa, kikapewa sababu, na kazi ikaendelea.

Kesho yake, tarehe 2, saa ine ya asubuhi, Electra iliondoka ikiwa na karibu litri 4 000 za mafuta. Uwanja ulikuwa wa majani na uliishia baharini. Ndege ilitumia karibu uwanja wote, ikashuka kidogo kuelekea maji, ndipo ikapanda. Kuna filamu ya kuondoka kwake, na wajuzi wengine wanaoitazama wanaona kwamba waya ya tumboni ilinaswa na kukatika pale pale. Wengine hawakubali. Lakini jambo moja limeandikwa: mangaribi Balfour alimusikia Amelia vizuri sana kwenye 6 210, na alipotangaza kwamba atabadilisha frekansi juu ya usiku, Balfour alimuomba abaki palepale. Hakuna jibu lililokuja. Amelia alisikika, kama yeye alisikia, haijulikani.

Mbele yake kulikuwa na kilometa karibu 4 100 za maji, na mwisho wake kisiwa cha Howland, kirefu kama kilometa mbili, chembamba, kimelala chini. Meli ya Marekani, Itasca, ilikuwa inangojea pale. Watu wa meli walifikiri yeye atatafuta njia kwa sauti ya meli. Yeye naye alitumainia meli itafute njia kwa sauti yake. Meli ilitaka 500. Ndege haikuweza kuitoa. Saa za meli na saa za ndege hazikulingana, zilipishana nusu saa. Hakuna karatasi moja waliyoiandika pamoja kabla.

Asubuhi sauti yake ilizidi kukaribia. Ikawa na nguvu mupaka watu wa meli walitoka nje kutazama mbingu. Alieleza kwamba anafikiri yuko juu yao lakini hawaoni, na mafuta yanapungua. Walimwita kwa nguvu zote, hakujibu. Mara moja tu alikubali kwamba anasikia alama zao: ni pale alipoomba wazitume kwa 7 500. Alizisikia kwa antene ya duara, lakini hakuweza kupata upande, na frekansi ile ilikuwa juu mno kwa antene ya namna ile. Karibu saa moja baadaye alitoa mustari wa njia aliokuwa anaufuata, akisema wanakwenda juu na chini kwenye mustari ule. Ndiyo mara ya mwisho alisikika.

Marekani ilituma meli za vita, pamoja na Lexington iliyobeba ndege nyingi. Walitafuta mupaka tarehe 19 mwezi wa 7, bila kuona kitu. Mwaka 1939 tribunali ilitangaza kwamba amekufa. Alipopotea, zilibaki wiki tatu tu atimize miaka 40. Mupaka leo watu wanaitafuta ndege chini ya bahari na kwenye visiwa, na hakuna aliyeleta ushuhuda ambao wote wanaukubali.

Kuna wanaosema alipotea sababu alikuwa mwanamuke. Hilo ni neno la bure. Kuruka alijua, na mota zake zilifanya kazi saa 20 bila kusimama. Mwaka 1935 redio ilimuokoa na upweke, mwaka 1937 ikamuacha. Tofauti ni kazi ndogo-ndogo za chini: mujuzi aliyeondoka bila mwingine kuchukua nafasi yake, waya iliyoachwa, kipimo kilichokataa bila kurudiwa, na maneno yasiyopatanwa kati ya aliye juu na anayemungojea.

Sisi hatuko juu ya bahari. Lakini mwenzetu aliye ndani ya shimo refu naye yuko peke yake, na anayeshika kamba juu ndiye Itasca yake. Kwa hiyo sendika inaomba mambo mane kwa kila karre, na hakuna hata moja linalohitaji pesa nyingi. Kabla timu haijashuka, alama za kamba, filimbi ao redio zipimwe kutoka chini kabisa, si kutoka mulangoni mwa shimo. Alama zile ziandikwe kwenye ubao mumoja, na walio juu na walio chini wazikubali pamoja. Anayejua kifaa akiondoka, afundishe mwingine kwanza. Na kipimo kikikataa, mutu asishuke mupaka kirudiwe na kikubali, hata kama PDG wa shimo anangojea magunia.

Mwenye shimo akiuliza kwa nini kazi imechelewa dakika kumi, mwambieni habari za uwanja wa Lae, wa tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 1937.